Simeon ni Mzima na Anakula Vizuri

Ziwa Mikono Miwili
9 Februari

Mwanangu Lorna,

Usishtuke kuona mwandiko wangu kwenye bahasha. Sijafa, na hapa hakuna aliyekufa tangu Krismasi. Simu ninayo, lakini nikiongea na simu Doreen wa jirani anasikia kupitia ukuta, na kufika jioni kijiji kizima kinajua umegombana na mchumba gani. Isitoshe, barua napenda. Kule shuleni kila tulichowaandikia wazazi kilipita kwanza kwa Sista, akakikata kwa wino mwekundu, kisha akatusomea cha kuandika. Sasa nina miaka sabini na nne na hakuna wa kunisahihisha. Nikikosea herufi, nyamaza nayo.

Nimepata wageni wa Serikali kutoka kwenu Ottawa. Walikuwa wawili, wakateremka na ndege ya barua Jumanne. Mmoja msichana wa kuandika tu. Mwingine bwana mrefu anaitwa Pettigrew, viatu vyake vya theluji vipya kabisa, karatasi ya bei bado inaning'inia kwenye kimoja. Nikamwacha atembee nayo hivyo hivyo. Alikula vipande vitatu vya mkate wa kikaangoni, akasifia, akaongeza cha nne.

Lakini sikiliza. Alipoketi mbele yangu alitoa tumbaku, imefungwa kitambaa chekundu, akaishika mkono wa kushoto kama inavyotakiwa kwetu anayemwomba mzee jambo, na hakuninyooshea mpaka alipomaliza kusema ombi lake. Miaka yote wanakuja na kalamu na vikombe vya bure, leo mmoja amekuja na tumbaku. Nani kamfundisha? Moyo wangu ulilainika, sitakudanganya.

Akasema, "Mama Ernestine, naomba utusaidie kumaliza kazi ya Rasi."

Kazi ya Rasi unaijua. Ile mashine yao ya kupima ardhi, inayoonyesha waliozikwa chini, ilipita kiangazi kilichopita kwenye makaburi ya pale Rasi, shule yetu ya bweni ilipokuwa, na ndugu yangu Simeon hakuonekana. Mjomba wako huyo hukumjua. Alifia shuleni akiwa na miaka tisa, mimi saba. Basi nikapokea. Alipoona nimepokea akashusha pumzi, akaangalia saa, maana ndege ilikuwa inawashwa. Hakuuliza kingine. Nikasema moyoni, huyu amefundwa vizuri, anajua kwamba aliyepokea hasukumwi.

Tumbaku nimeiweka juu ya kabati, karibu na picha ya mama yako. Sijaichoma. Nitaichoma siku nitakayompa alichoomba. Ni kitu kizito, mwanangu, na sijawahi kumpa mtu. Niulizie tu huko kwenu anarudi lini.

Mama mdogo wako,
Ernestine


Ottawa
27 Februari

Mama mdogo,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Habari ya bei ya viatu imenichekesha peke yangu ofisini mpaka watu wakageuka. Bwana Pettigrew ni mkubwa wangu, ingawa siketi karibu naye.

Nimefurahi kwamba ulipokea tumbaku. Hujui nimefurahi kiasi gani. Mama alikufa akilitaja jina la Simeon, na nilikuwa naogopa kwamba hata wewe utaondoka umelibeba. Sasa angalau unaweza kupumzika.

Umeuliza nani kamfundisha. Siku hizi kuna kadi ngumu ya kukunja, maofisa wanapewa kabla ya safari. Inaeleza tumbaku inatolewaje, ukae wapi, usimkatize mzee anaposema. Wizarani wameipenda sana.

Mimi kazi yangu ni ya kawaida tu. Kila Juni Serikali inapeleka Bungeni ripoti ya kuonyesha imefika wapi katika kutimiza haki za sisi wenyeji wa asili, na mimi ni mmoja wa wanaojaza jedwali. Ahadi inakaa upande huu, hali yake upande ule. Hali ziko tatu: haijaanza, inaendelea, imekamilika. Wakubwa wanalipenda sana hilo la tatu, na kusema kweli hata mimi nalipenda, maana miaka kumi na moja nimeandika "inaendelea" mpaka mkono unajiandikia wenyewe.

Kuhusu kurudi kwake, sijasikia safari yoyote. Labda kiangazi, kwenye sherehe. Kunywa dawa zako, usizifiche kwenye kopo la sukari kama zamani.

Lorna


Ziwa Mikono Miwili
18 Machi

Mwanangu,

Sherehe gani? Nimekuuliza siku, umenijibu sherehe. Huko mnakula nini?

Kazi aliyoniomba nimeianza. Kitu cha namna hii hakitolewi kama mtu anapasha chai. Nimefunga siku nne. Nimekwenda Rasi mara tatu, Wendell mjukuu wa Moise amenipeleka na pikipiki yake ya theluji, nikakaa pale mpaka magoti yakafa ganzi, nikawaomba ruhusa walio chini. Wengine si wangu. Ni watoto wa watu wa maziwa mengine, na siwezi kuwasemea tu kwa sababu mimi nilibaki hai.

Nimekwenda na kwa Moise Bird mwenyewe. Wa mwaka ule aliokufa Simeon tumebaki yeye na mimi. Yeye alikuwa na miaka kumi na tatu. Nilipomwambia nimepokea tumbaku aliacha kutafuna.

"Ernestine," akasema, "unataka watu wajue nilichofanya?"

Nikamwambia alikuwa mtoto, na aliamriwa. Akasema mkono ulikuwa huu huu, akaniinulia niuone. Tangu siku hiyo hanisemeshi. Jumapili kanisani aliketi benchi la nyuma, na miaka yote tunaketi pamoja.

Nakuandikia nusu ya jambo. Mashine ilipita makaburini, penye misalaba. Lakini wewe umezaliwa huku, hebu fikiri. Simeon alikufa Januari. Udongo wa makaburi yale Januari, ulivyoganda, unaingia shoka? Hakuna aliyeuliza watoto wa Januari waliwekwa wapi. Mimi napajua. Siandiki hapa, kwa kuwa pameombwa kwa tumbaku, na nitapasema kwa mdomo, kwa aliyeniomba, akiwa amesimama pale pale. Na kuna jambo la pili, la aibu yangu mwenyewe, linalofuatana na hilo.

Waambie wangoje bata bukini warudi na barafu ya ziwa ipasuke. Mwisho wa Mei nitakuwa tayari.

Mama mdogo wako,
Ernestine


Ottawa
3 Aprili

Mama mdogo,

Usingoje bata bukini. Nimepiga simu mara sita, hupokei. Tafadhali niandikie mahali penyewe, hata mstari mmoja, nitapeleka panapohusika. Chora ramani nyuma ya bahasha kama ni rahisi. Shughuli ya utafutaji ilifungwa rasmi tarehe 31 Machi, na yako mambo yanayokwenda haraka hapa ambayo siwezi kuyaeleza kwenye barua. Nakuomba uniamini. Mahali tu. Hilo jambo lako la aibu baki nalo.

Lorna


Ziwa Mikono Miwili
12 Aprili

Lorna,

Wewe hujaniletea tumbaku.

Na unanisihi kama mtoto aliyevunja dirisha la jirani. Ni mambo gani hayo yasiyoelezeka kwenye barua? Mimi nimekueleza kwenye barua kwamba rafiki yangu wa maisha amenihama benchi. Namngoja aliyeniomba. Kama kuna la kusema, liseme.

Ernestine


Ottawa
19 Aprili

Kwa Bi. Ernestine Halkett,

YAH: KUHITIMISHWA KWA HATUA YA RASI

Kwa niaba ya Wizara napenda kukushukuru kwa dhati kwa ukarimu wako, na kwa ridhaa uliyoitoa, kwa kufuata mila za jamii yako, kwa kupokea tumbaku mnamo tarehe 6 Februari. Ridhaa hiyo, pamoja na matokeo ya uchunguzi wa makaburi, imetuwezesha kuhitimisha Hatua ya Rasi. Katika ripoti ya maendeleo ya mwaka huu, itakayowasilishwa Bungeni mwezi Juni, hatua hiyo itaonyeshwa kuwa IMEKAMILIKA.

Nina furaha pia kukujulisha kwamba kazi ya kusawazisha eneo lote la shule ya zamani na kulimwagia kokoto, kwa ajili ya Bustani ya Maridhiano na maegesho ya magari ishirini, itaanza tarehe 10 Juni, mara tishari litakapoleta mitambo. Utaalikwa kukata utepe.

Wako katika maridhiano,
Graham Pettigrew
Mkurugenzi


Ziwa Mikono Miwili
3 Mei

Lorna,

Nimekuwekea nakala ya barua ya Pettigrew, ingawa nadhani unaijua. Isome hata hivyo. Maegesho ya magari ishirini. Kijiji hiki kina magari tisa, na mawili hayana injini.

Niliipeleka kwa Doreen kwenye ofisi ya baraza, nimuulize kama mimi ndiye niliyesoma vibaya. Doreen akasema wale wageni waliacha kadi yao, akaitoa kwenye droo. Nimeisoma. Imeandikwa: Mzee akipokea tumbaku, amekubali. Basi, imeishia hapo. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo: Imeandaliwa na L. Ballantyne.

Nusu ya utoto wako umelala nyumbani kwangu. Umeniona nikipokea tumbaku mara ngapi? Yule mama wa Mto Mweusi aliniomba jina la mtoto wake, nikakaa nalo tangu theluji mpaka beri zikaiva, na wewe ulikuwa mezani pale pale unapaka rangi vitabu vyako. Kupokea ni kwamba nimekubali kulibeba ombi lako. Ni mwanzo. Wao wameandika ni mwisho. Tena si wao, ni wewe.

Sasa nitakupa ile aibu. Mahali sikupi. Aibu nakupa kwa sababu hakuna aliyeiomba, ni mali yangu.

Simeon alikufa kwa kifua, Januari ya mwaka hamsini na saba. Niliona akitolewa, amefunikwa blanketi la kijivu, mguu mmoja uko nje. Jumapili iliyofuata ilikuwa siku ya barua. Niliandika, Mama, Simeon amekufa. Sista akaichukua, akaichana, akaweka karatasi mpya mbele yangu, akalaza rula juu ya vidole vyangu. Akasema andika: Simeon ni mzima na anakula vizuri. Nikaandika. Nilikuwa na mwandiko mzuri.

Mama yako mwaka ule alikuwa hospitali ya kifua huko kusini, hakujua kitu. Baba na Mama waliipata barua yangu, wakamwomba mwenye duka awasomee, wakafurahi. Mama akamshonea Simeon viatu vya ngozi, akavipamba shanga. Juni alikuja navyo gatini kutupokea. Akatazama watoto wakishuka mmoja mmoja, na viatu mkononi, mpaka mtumbwi ukabaki mtupu.

Hakuniuliza hata siku moja. Hilo ndilo lililonimaliza.

Mimi nilikuwa na miaka saba na rula juu ya vidole. Wewe una miaka arobaini na mbili. Nani amekushikia rula?

Ernestine


Ottawa
13 Mei

Mama mdogo,

Hakuna. Hakuna aliyenishikia rula. Nilipewa kiti na kahawa.

Kadi niliiandika mimi. Mwanzoni niliweka yote, kungoja, kurudi, kwamba inaweza kuchukua majira mawili. Wakasema ni ndefu, afisa hawezi kuimaliza ndani ya ndege. Nikakata. Wakasema bado. Nikakata tena, na kila nilipokata nilijua ninachokata. Ile sentensi ikabaki kwa sababu ilikuwa fupi.

Na mstari wa Rasi kwenye ripoti, "imekamilika kwa ridhaa ya familia", niliuandika mimi pia, wiki moja baada ya barua yako ya kwanza. Barua ilikuwa kwenye mkoba wangu. Ulisema hujaichoma tumbaku, na nilijua maana yake. Nikajiambia ni namna yako tu ya kusema. Nilitaka sana iwe imekamilika, Mama mdogo. Nilitaka mara moja tu niandike neno hilo, na liwe la nyumbani kwetu.

Ilipofika barua yako ya Machi, ya udongo wa Januari, nilikimbilia simu, hukupokea. Ndipo nikakuandikia ile ya haraka, na hata hapo sikukwambia. Naona aibu, wala sijui niiweke wapi.

Nimekwenda kwa Pettigrew. Nimemwambia kupokea tumbaku si ridhaa. Alinisikiliza kwa adabu zote, akatoa kadi mfukoni, akanisomea sentensi yangu. Kisha akasema ripoti imeshakwenda kwa wafasiri, na mstari utabadilishwa tu kama mzee mwenyewe ataandika kwamba anaondoa ridhaa yake. Ametoa fomu, iko humu ndani. Pa kuweka sahihi nimetia alama. Ni sahihi moja, na kokoto hazitamwagwa.

Najua ninachokuomba, na najua mimi ndiye ninayekuomba.

Lorna


Ziwa Mikono Miwili
21 Mei

Bwana Pettigrew,

Fomu yako nimeisoma. Inasema "ninaondoa ridhaa niliyoitoa". Siwezi kuitia sahihi, kwa kuwa sikuitoa. Niliwahi kuandika uongo mmoja kwa kuamriwa, na umenitosha.

Ulinipa tumbaku ukaniomba nikusaidie kumaliza. Nikapokea. Nimefunga kwa ajili ya ombi lako, nimekaa kwenye theluji, nimempoteza rafiki wa miaka sitini na saba. Sasa niko tayari, na wewe hukurudi. Basi tumbaku yako hii hapa kwenye kifurushi, na kitambaa chake kile kile. Ifungue uone kama imepungua. Kwetu aliyerudishiwa tumbaku hakupata alichoomba, na hawezi kuwaambia watu kwamba amepata, hata hao wa Bungeni.

Tarehe 10 Juni nitakuwa Rasi, pale mitambo inaposhukia. Nina kiti cha kukunja na chupa ya chai.

Ernestine Halkett

Nakala: Lorna Ballantyne


Ottawa
31 Mei

Mama mdogo,

Kifurushi kilifika wakati wa mkutano. Pettigrew alikifungua mbele ya watu wanane, akidhani ni zawadi. Akaishika tumbaku hajui aiweke wapi, akanitazama mimi. Watu wote wakanitazama. Nikasimama, nikaeleza.

Kisha nimeandika maelezo ya kurasa mbili kwa jina langu: kwamba kadi ina kosa na kosa ni langu, na kwamba mstari wa Rasi si kweli na niliuandika nikijua. Nimempelekea katibu wa kamati ya Bunge, na nakala kwa chifu wetu. Jana wameninyang'anya kitambulisho cha mlangoni. Kama mstari utabadilika sijui, na kama tishari litazuiwa sijui. Hakuna aliyeniahidi kitu.

Nakuja na ndege ya barua, Ijumaa tarehe 7. Ninayo tumbaku, nimeifunga mwenyewe. Si ya kuombea msamaha. Ombi langu ni jingine, nitalisema nikiwa mbele yako, na saa nitaiacha huku. Ukipokea nitangoja. Ukikataa nitangoja vile vile.

Naomba unitafutie kiti cha pili.

Lorna


Rasi
Jumapili, 30 Juni

Mama, Baba,

Barua niliyowaandikia ile Januari ilikuwa ya uongo. Leo ni Jumapili, nawaandikia nyingine.

Simeon hakuwa mzima wala hakuwa anakula. Alikohoa wiki mbili, akafa. Walimweka kwenye ghala la viazi, chini ya sakafu, kwa sababu udongo wa mle ndani ndio pekee usioganda. Moise Bird alichimba kwa koleo la viazi. Mlango wa ghala ulikuwa wazi, nilimwona kupitia dirisha la jikoni, nilikuwa ninamenya. Viazi vya ghala lile tulivila mpaka Juni. Hilo nalo sikuwahi kulisema, sasa nimelisema.

Lorna, binti wa Agathe wenu, aliniletea tumbaku. Alishuka kwenye ndege akaja moja kwa moja, akasimama mlangoni, akaniomba nimwonyeshe alipo mjomba wake. Nilipokea, nikamweka siku tatu bila neno. Hakuuliza. Aliosha vyombo vyote nyumbani, hata visafi, akanikatia kuni vibaya sana.

Siku ya nne tishari likafika na mitambo. Tulikuwa wanawake kumi na wanne kwenye viti, na Doreen na sufuria yake. Dereva wa tingatinga alikuwa Wendell, alipata kibarua. Akatutazama, akazima injini, akaomba chai. Msimamizi wake akamuuliza vipi. Wendell akasema limekataa kuwaka. Likakataa kuwaka mpaka saa nane, na msimamizi akawa anapiga simu kwa huyu na yule, na mimi nimekaa tu, nikijua kwamba kesho watamleta dereva mwingine.

Ndipo Moise akaja kwa miguu na fimbo yake. Hakumsalimu mtu. Akapita katikati yetu mpaka kwenye kona ya msingi wa jiko la zamani, akatembea hatua kumi na tisa, nilimsikia akizitaja, akasimama, akavua kofia.

"Hapa," akasema. "Ni watatu. Simeon ni wa mlangoni."

Miezi yote nilikuwa najiandaa kulitoa neno hilo, na yeye ndiye aliyelitoa. Nikaona ni haki yake. Nikainuka nikasimama naye, na Lorna akasimama upande wa pili, na pale pale nikaichoma tumbaku aliyoniletea. Msimamizi wa mitambo alivua kofia yake pia, akaacha kupiga simu. Kesho yake tishari liliondoka na kila kitu chake.

Baraza limeleta watu wa chuo na mashine yao ya kupima ardhi. Maumbo ni matatu, madogo, na moja liko mlangoni. Hatujachimba. Wale wawili wana watu wao mahali, na tunawatafuta kwanza.

Ripoti ya Serikali ilisomwa Alhamisi. Lorna alinisomea mstari wetu. Umeandikwa: Inaendelea. Akaanza kulia. Nikamuuliza analilia nini, kwani hilo ni neno la kwanza la kweli kuandikwa na Serikali kuhusu mahali hapa. Kazi hana tena. Kuni anakata vizuri kidogo. Sijamsamehe yote, na nimemwambia hivyo, naye akasema atangoja. Moise amerudi benchi letu.

Mama, vile viatu ninavyo. Nilivikuta ndani ya pipa la unga ulipofariki, shanga zote ziko mahali pake. Siku watakapolifungua ghala nitavipeleka mwenyewe mpaka mlangoni. Vitamtosha bado.

Mwandiko wangu si mzuri tena, mnisamehe. Barua hii hakuna aliyeisahihisha.

Binti yenu,
Ernestine